Kadi ya Gari Nilibaki Nayo Mimi

Admin, naomba usiweke jina langu. La rafiki yangu nimelibadilisha mwenyewe. Mengine yaache yalivyo.

Nina miaka arobaini na nne, mzaliwa wa Moshi, fundi wa lifti. Naishi Pickering, kando ya Toronto, na mke wangu na binti zetu wawili. Rafiki yangu nitamwita Deo. Ndiye aliyesimamia ndoa yetu, na wanaotoka kwetu wanajua uzito wake: msimamizi ni mtu wa ndani, humwekei masharti kama mtu baki.

Deo alihamia Toronto na familia yake miaka miwili iliyopita, wakapanga ghorofani Flemingdon Park. Ni mlinzi. Karatasi zake za ukaazi bado hazijatoka. Mwaka jana mwezi wa tano nilinunua gari kubwa zaidi, nikabaki na lile dogo jeupe. Akaniomba nimuuzie, alipe kwa miezi kumi. Nikakubali siku hiyohiyo.

Mke wangu alitaka twende wote ofisi ya usajili, gari liandikwe jina la Deo. Nikamweleza kwamba nyumbani anayeuza kwa awamu hubaki na kadi mpaka awamu ya mwisho, ndiyo dhamana yake. Akaniambia, "Hapa si Moshi, baba Neema." Nikamjibu kwamba anamfanya msimamizi wetu mwizi.

Bima nayo niliiacha kwa jina langu. Deo alikuwa ametajiwa bei ambayo asingeiweza, kwa sababu hana historia ya udereva hapa. Kampuni ya bima sikuiambia kwamba gari linaendeshwa na mtu mwingine. Hilo ni kosa langu, nimelifanya kwa akili timamu.

Wengi wanaoandika hapa hawakulipwa. Mimi nililipwa. Kila tarehe mosi pesa iliingia kabla sijaamka, bila mimi kumkumbusha. Nilijisifu mbele ya mke wangu.

Mwezi wa tisa ilikuja barua ya faini, gari limevuka taa nyekundu upande wa Parkdale, saa nne asubuhi siku ya kazi. Saa hiyo Deo huwa lindoni, mji wa pili kabisa. Nilipompigia alicheka. "Kaka, umekuwa askari siku hizi?" Akasema alimwazima mwenzake wa kazini, akailipa faini siku ileile. Zikaja nyingine mbili. Akazilipa pia.

Baada ya Mwaka Mpya nilisimama kujaza mafuta Don Mills, nikaliona gari langu pampu ya jirani. Aliyeshika usukani ni mzee wa makamo, mifuko ya kupelekea watu chakula imejaa kiti cha nyuma. Nilimsalimu kwa Kiswahili kwa sababu redio yake ilikuwa inahubiri kwa Kiswahili. Nikamwambia gari ni langu. Akanitazama kwa upole, akajibu kwa lafudhi ya Kongo: "Hapana, papa. Mwenye gari ni Deo. Miye namulipa kila juma. Na wale wengine vilevile."

Nilikwenda kwa Deo moja kwa moja. Hakukana. Aliniuliza, "Ulidhani zile awamu nazitoa wapi?" Nikamtaka twende tukabadilishe jina kesho yake. Akakataa kwa utaratibu kabisa. Akasema masharti niliyaweka mwenyewe: kadi baada ya awamu ya mwisho, na zimebaki mbili. Mkewe alituletea chai. Nikainywa, nikaondoka.

Jumatatu wiki hii polisi walinipigia nikiwa kazini. Asubuhi hiyo mama mmoja mtu mzima alikuwa anavuka barabara Parkdale na kigari chake cha sokoni, gari jeupe likamgonga na halikusimama. Shahidi alisoma namba. Mama yuko hospitali, hajazinduka. Askari aliuliza gari liko wapi. Nikasema, "Liko nyumbani." Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akaniambia nifike kituoni Alhamisi saa nne, nieleze nani alikuwa anaendesha.

Nililikuta gari maegesho ya chini ya jengo la Deo. Taa ya kulia haipo, boneti imebonyea. Lilikuwa limeoshwa, hata matairi, katika majira haya ya theluji ambayo hakuna anayehangaika kuosha gari.

Deo alishuka kwa lifti akanikuta nimesimama pale. Nilimuuliza nani alikuwa nalo siku ile. Akasema akimtaja, huyo naye atamtaja yeye, na karatasi zake zitakuwa zimeishia hapo. "Sema liliibwa. Na ukinitaja mimi, nitaeleza na mambo ya bima." Hakupandisha sauti. Kisha akaniuliza hali za wanangu, mmojammoja, kwa majina yao.

Mwanasheria niliyemuuliza amesema kisheria mwenye gari ni mimi, na familia ya yule mama inaweza kunidai mpaka nyumba. Bima ikigundua nilichoficha, huenda ikanikana. Mke wangu anasema niseme kweli yote, pamoja na uongo wa simu. Ndugu zangu wa Moshi wanasema msimamizi wa ndoa hapelekwi polisi.

Leo ni Jumatano. Asubuhi Deo ametuma awamu mbili zilizobaki kwa mpigo, na ujumbe: "Kaka, nimemaliza. Kuanzia leo gari ni langu. La Jumatatu lilikuwa lako."

Nimeusoma mara nyingi, na sioni alipokosea.

Nimebakiwa na saa chache. Nikisema kweli naweza kupoteza nyumba, na watoto wa Deo wakarudishwa walikotoka. Nikisema liliibwa, yule mama amegongwa na mtu asiyekuwepo. Ninyi mnaosoma, hasa mliokwisha kukaa mbele ya askari wa nchi hii: kesho saa nne niseme nini?