Mkono wa Tano wa Kinara

Mimi na kalamu hatupatani sana, chuoni nilitoka na juzuu tatu tu, lakini fedha nilikuwa naijua. Na miaka ile, kabla ya mapinduzi, usonara pale Wete ulikuwa mtamu! Nakshi za kizamani zilikuwa zimerudi. Maharusi waliokuwa wakitaka bangili tupu, ghafla kila mmoja anataka maua na majani kama ya bibi yake.

Basi akaniita Bi mmoja mwenye mashamba. Akafunua kanga mezani: kinara cha mishumaa, fedha tupu, kimejaa nakshi mpaka chini, mikono minne na kisiki cha wa tano. Babake alikinunua mnadani Unguja.

"Fundi, nitengenezee huu mkono kabla ya harusi ya mwanangu. Ukiuweza, na mitali yake ya miguuni utaifanya wewe. Ukishindwa, nampa sonara wa Chake."

Nikakichukua mbio! Kibanda changu kilikuwa kipya, wateja hakuna, na mke wangu, sifichi, keshaanza kunitajia jembe.

Kwenye kila mkono kilining'inia kishada. Nikakitazama, nikacheka. Aliyekichonga hajapanda mkarafuu hata siku moja! Tumba zote mviringo, hazina shingo wala kichwa. Maskini, mtu wa mbali. Nikamsahihisha. Nilikata tawi nyuma ya kibanda nikaliweka mbele yangu, nikamimina fedha kwenye kalibu, karafuu moja moja, nikaziunga kwa lehemu siku tisa, hata kula nasahau. Zilipong'aa nilipiga kelele peke yangu.

Nikapeleka. Bi akauinamia mkono mpya.

"Fundi, nini hii?"

"Karafuu, Bi."

"Zile za mikono minne ni zabibu!"

Wallahi, mimi zabibu nilizijua za dukani, kavu, za kutia kwenye pilau. Nani alinambia zinaota vishada? Nikaiona mitali inakwenda zake Chake.

Dada yake Bi, aliyekaa pale mkekani, alicheka mpaka kanga ikamvuka. "Wee, zabibu! Lini umechuma zabibu wewe? Nyumba hii umejengewa na zabibu?"

"Nyamaza."

"Sinyamazi! Wakwe wakija, utawaonesha shamba la nani?"

Bi akakizungusha kinara polepole, mkono wangu ukaja mbele. Akaupapasa, kisha, sijui kwa nini, akanusa vidole.

"Miguu ya mwanangu myembamba," akasema. "Mitali usiifanye mizito."