Vitabu Mkekani

Enzi za Mwingereza nilikuwa mhudumu wa maktaba ndogo pale Tabora. Vitabu vipya vilifungiwa kwenye kabati la vioo, halafu mkuu wetu, Mzungu, analalamika kwamba watu hawavisomi. Wangevisomaje? Siku moja nikachoka. Nikatandika mkeka sakafuni, nikavipanga mafungu mafungu kama karanga sokoni, vingine nimevifunua penye picha. Watu wakaingia, na kwa kuwa ni mkeka, wakavua viatu mlangoni, wakakaa, wakaanza kupokezana vitabu.

Mara mkuu akatokea. Buti zake zikaja moja kwa moja hadi ukingoni mwa mkeka. Nilijua kazi sina tena. Alipoinua mguu akanyage, mama mmoja mtu mzima, mkulima kutoka Nzega, akasema bila kubandua macho kitabuni, "Mwanangu, viatu."

Uso wa mkuu ukawa mwekundu. Akanikazia macho mimi, si yule mama. Nami sikuinamisha kichwa.

Akainama, akafungua kamba. Soksi ilikuwa imetoboka, kidole gumba kiko nje. Hakuna aliyecheka. Mama akasogea kidogo, akapigapiga mkeka.

"Kaa."

Akakaa.