Bibi Harusi wa Miaka Sitini Aenda Iringa

Niliondoka nyumbani Ilomba kwa sababu ya kiburi, bora niseme hivyo mapema. Yasmin, rafiki yangu wa Iringa, alituandikia kwenye simu kwamba sisi tuliocheza lile igizo la nyimbo tukiwa chuo cha ualimu tunakutana tena, tuimbe mbele ya watu ukumbini, Jumamosi alasiri. Nilijibu, "Nipo." Ilitakiwa niandike pia kwamba mwaka juzi nilipasuliwa rovu shingoni, na tangu siku hiyo sauti yangu ya juu haikurudi. Sikuandika. Katika igizo lile mimi nilikuwa bibi harusi, na enzi hizo, kuanzia Njombe mpaka Chunya, sikuweza kununua nyanya sokoni bila mtu kuniomba nimwimbie kidogo. Mtu aliyezoea hayo hatangazi habari za koo lake kwenye kundi la watu kumi na wanne.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi ya Nane Nane na mfuko wa mchele wa Kyela kwa ajili ya Yasmin, na mtandio shingoni wa kuficha kovu. Kwa miezi miwili nilikuwa nimefanya mazoezi jikoni, nikiweka doh, ile noti ya msingi, palepale tulipoiweka zamani. Kila nilipofika kwenye noti ya juu, pale bibi harusi anapoagana na mama yake, sauti ilikatika. Nilirudia kila siku, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Basi lilipopita Uyole nilikuwa nimeshaamua kusema nina mafua.

Chimala, Igawa, Makambako. Mpunga wa Usangu ulikuwa umekomaa, nao upepo wa Makambako ulitupokea bila adabu kama kawaida yake. Nilinunua mahindi ya kuchoma dirishani, nikashindwa kuyala.

Mafinga, saa tano na nusu, akapanda Festo. Yeye ni fundi seremala, na kwenye igizo alikuwa baba yangu, ingawa nimemzidi miezi minne. Aliimba sauti ya nne, ile ya chini kabisa. Wimbo wetu mkubwa uliishia kwake: baba wa bibi harusi anashuka ngazi kwa ngazi mpaka doh ya chini, na hapo ukumbi mzima ulikuwa ukisimama. Mimi nilikuwa na noti yangu ya juu, yeye ya chini, na kila mmoja aliamini watu wamekuja kwa ajili yake.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu akikaa kando yangu. Alinukia mbao mbichi.

"Kamwene, baba. Umezeeka."

"Na wewe unajifunga mtandio na jua lote hili. Unaumwa?"

"Mafua."

"Hebu nipandie doh, re, mi. Polepole, watu wamelala."

Nilipanda. Nilipofika noti ya la, sauti ikapasuka, na mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka kunionea huruma. Basi nikavua mtandio, nikamwonyesha Festo kovu, nikamweleza yote. Nilimwambia naogopa kuaibika mbele ya watu wanaonikumbuka nikiwa mzima. Alitazama misonobari ya Sao Hill na malori ya mbao yakitupita. "Pole, mwanangu," alisema. Kisha akaanza kunisimulia habari za randa yake mpya ya umeme, akazisimulia mpaka Ifunda. Nilimkasirikia.

Iringa, saa saba mchana. Yasmin alitungoja stendi. Ukoo wake umeuza vitambaa mjini hapo tangu enzi za babu yake, na Kihehe chake kinakishinda Kinyakyusa changu. Kwenye igizo aliimba sauti ya pili na kushona nguo zetu zote. Alitulisha pilau na chatini ya embe mpaka tukaomba msamaha. "Watu wananiuliza dukani, jamani bibi harusi anakuja?" alisema. "Nawaambia yuko njiani." Nilicheka, nikauvuta mtandio shingoni.

Jumamosi, saa tisa alasiri, ukumbi ulijaa. Wengi walikuwa na mvi kama sisi, na walikuja na wajukuu. Wimbo ule mkubwa hauna kinanda. Desturi yetu ni kwamba mtu wa sauti ya nne ndiye anayetoa doh: anaiguna taratibu, na sisi wengine tunajipanga juu yake. Festo akaguna. Doh ilikuwa chini mno. Yasmin aligeuza shingo, nami nikadhani mzee wa watu amesahau. Lakini doh ikishatolewa mbele ya watu haibishaniwi. Nikaanza.

Noti ya juu ilipokuja, niliifikia. Haikuwa sauti ya zamani. Ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, lakini ilifika ikakaa, na wanawake wa safu za nyuma wakapiga vigelegele. Nililia huku naimba, jambo ambalo mwalimu wetu alitukataza.

Ikawa zamu ya baba. Festo alishuka fa, akashuka mi, re, kisha ikatoka pumzi tupu. Alisimama mdomo wazi, mkono kifuani, akaishikilia ile noti isiyosikika mpaka mwisho wake. Watu wachache walicheka. "Mzee kaishiwa," mmoja alisema. Ndipo nilipoelewa. Alikuwa ameshusha doh ili mimi nifike, na kwa kuishusha, noti yake mwenyewe ilikwenda mahali ambapo hakuna koo la binadamu linalofika.

Jumapili asubuhi, kwenye basi la kurudi, nilimuuliza, "Ulijua itakuwa hivyo?"

"Tangu Sao Hill."

"Wamekucheka, Festo."

"Siku ya harusi, nani anamsikiliza baba?"

Nilimwambia kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo", maana asante ya Kiswahili niliiona ndogo. Akaniitikia kwa kichwa, na Mafinga akashuka na mkoba wake.

Jumatano, Ilomba, nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, mara ya kwanza tangu nipasuliwe. Niliyapita madawati ya sauti ya kwanza, nikaketi na wanawake wa sauti ya pili.

"Mama Tumpe, kwenu ni kule," kiongozi aliniambia.

"Najua," nilimjibu. Nikamwomba jirani yangu anionyeshe mstari wao taratibu, kwa sababu miaka arobaini niliimba juu yake na sikuwahi kuusikiliza.