Walivyogawana Spika za Baba

Mpaka leo nikikumbuka siku ya kumaliza matanga ya baba, damu inanichemka. Wazee wa ukoo walikaa pale nyumbani Petta kwenye viti vya plastiki, wakagawa ng'ombe, wakagawa shamba, halafu wakafika kwenye muziki wake: spika mbili za mbao na amplifaya moja. Wakaangalia watoto wa kiume, wako wawili. Wakaangalia spika, ziko mbili. Basi, kazi imekwisha! Kaka yangu akapewa moja, mdogo wangu akapewa moja, na amplifaya ikaenda kwa baba mdogo, kwa sababu ndiye aliyerithi kiti cha marehemu. Mimi nilipewa sufuria.

Sufuria, mimi! Mimi niliye fundi wa redio hapa Busia, niliyeshika bisibisi kabla sijajua kusonga ugali. Nilisimama nikawaambia kwamba spika ni jozi, na kumpa mtu moja ni kumpa kiatu kimoja. Mzee mmoja akaniuliza, taratibu kabisa, kama nia yangu ni kugombanisha ndugu zangu. Wengine wakacheka. Nilimgeukia mama anisaidie, naye akainamisha kichwa, nami nikaketi na hasira zangu.

Hawakujua wanagawa nini. Zile spika ni za zamani, koni zake ni za karatasi nyepesi, na baba alizihangaikia kweli kweli. Aliwahi kuzifunga kwenye amplifaya tatu, moja baada ya nyingine, na zote akazirudisha kwa wenyewe. Ya kwanza ilizifanya zikoroge besi, ya pili ilipiga kelele kwenye sauti za juu, ya tatu sitaki hata kuisema. Ya nne ndiyo ilikaa. Ilikuwa amplifaya ya transista ya miaka ile, transfoma yake nzito mpaka ukiibeba unainama, na mbele imeandikwa wati chache tu, lakini wati za kweli. Baba alikuwa akisema spika hizi hazitaki nguvu nyingi, zinataka nguvu safi. Mimi na yeye tulikaa sakafuni tukabandika upya kingo za koni kwa kitambaa na gundi. Huyo mdogo wangu wakati huo alikuwa anacheza mpira.

Na kulikuwa na kaseti. Baba aliirekodi mwenyewe kanisani, maikrofoni moja upande wa wanawake na nyingine upande wa wanaume, vile kwaya yetu inavyosimama. Kwa hiyo ukiipiga, wanawake wanatoka spika ya kushoto na wanaume wanatoka ya kulia. Baba aliimba besi, kwa hiyo yeye yuko kulia. Macho ya mama yalikwisha kwa presha ya macho kabla baba hajafa, na kitu pekee alichoniomba baada ya mazishi ni kumsikia mzee wake kwenye kaseti hiyo kila Jumapili baada ya ibada. Nilimwekea kwenye simu, akasema anasikia mbu ndani ya chupa. Kumbe kaka amefungia wanawake dukani kwake Tororo mjini, mdogo wangu amepeleka wanaume Majanji kwenye baa yake karibu na mwalo wa wavuvi, na amplifaya iko kwa baba mdogo imefunikwa kitambaa cha mezani, juu yake wamepanga vikombe. Vikombe, jamani!

Siku moja mdogo wangu akaja na boda mpaka mlangoni kwangu, spika imefungwa kwa mpira, inanuka kuungua. Alikuwa ameifunga kwenye amplifaya mpya yenye mataa ya kumetameta, imeandikwa wati elfu moja, na ukiinyanyua ni nyepesi kama mkate. Akafungua sauti mpaka mwisho ili wachuuzi wa samaki waisikie. Wati hizo ni za uongo, na amplifaya dhaifu ikilazimishwa kupita uwezo wake inakatakata sauti, na hiyo sauti iliyokatwa ndiyo inayochemsha koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, mpaka inaungua. Nilimpasha maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye akasema tu niifufue. Nikamwambia nitaitengeneza bure, ila wote watatu walete vitu vyao kwa mama Jumapili, na vikifika havitoki tena. Akasema tutaona. Mjinga mimi, nikadhani amekubali.

Nilivuka upande wa Kenya kutafuta waya mwembamba wa koili, nikauzungusha kwa mkono siku tatu, mgongo ukanikatika. Jumapili, baada ya ibada, wote walifika. Nilifunga waya nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, maana ukigeuza upande mmoja besi inapotea. Nikaweka kaseti.

Wanawake wakaanza kushoto, peke yao, halafu wanaume wakaingia. Baba alikuwepo. Sijui niseme vipi, lakini alikuwepo, mpaka ile pumzi yake aliyokuwa akivuta kabla ya mstari. Mama alisogeza kigoda chake kulia na kuweka kiganja kwenye mbao. Kaseti ilipokwisha, baba mdogo akajikohoza, akasema amplifaya ibaki hapa hapa. Kaka akasema na yake ibaki. Nilitaka kuwabusu wote wawili.

Ndipo mdogo wangu akaanza kukunja waya.

"Dada, mimi nakwenda nayo tu mpaka Krismasi ipite," akasema. "Nitarudisha."

Mama akasema nimwache aende nayo, ataileta. Nilimsikia, lakini mori ulikuwa umeshanipanda. Uchungu wote wa ile sufuria ulinijia kichwani kwa mara moja. Nikamwambia mbao ni yake, ukoo umempa, lakini koili ni yangu, na yangu naondoka nayo. Nikachukua bisibisi nikafungua skrubu nne. Spika ya ndani, yenye koni na koili, ilikuwa imeganda kwenye sanduku lake la mbao kwa gundi ya zamani, haitoki. Fundi mwenye akili angeipasha joto kidogo na kungoja. Mimi niliichokonoa kwa nguvu, huku nikitukana, na bisibisi ikateleza ikapita kwenye koni, ikachana karatasi kutoka ukingoni mpaka katikati.

Karatasi ile haipatikani. Nimeitafuta pande zote mbili za mpaka, na kila kiraka nilichojaribu kubandika kinamtoa baba sauti ya mtu mwenye mafua.

Kiganja cha mama kilikuwa bado kwenye mbao. Akauliza ni nini kimechanika. Kaka akatazama chini, baba mdogo akatazama nje. Ilibidi niseme mwenyewe kwamba ni spika, na ni mimi.

Mama akavuta mkono wake akauweka mapajani.

"Huyu angeirudisha," akasema. "Wewe utanirudishia nini?"