Mtumbwi Ulioanikwa Juani

Mwezi uliopita binti yangu alinipeleka Ziwa Baringo pamoja na wajukuu, eti nikapumzike. Nimestaafu miaka mingi, sijui nilikuwa nimechoshwa na nini, lakini mzazi akizeeka hufungashwa kama mzigo, nami nikafungashwa. Kijana wa boti alinivalisha koti la kuelea, akaniambia, "Mathe, kaa hapo katikati, usishtuke nikiwasha injini." Nikamuuliza kama bado kuna mitumbwi ya miti, ile ya kufungwa kwa kamba. Akacheka. "Ile ya kitambo? Imebaki ya kuhesabu, mathe. Siku hizi ni ya kupigwa picha na watalii." Kisha akatuonyesha mapaa ya nyumba na miti mikavu ikichungulia majini, maana ziwa limepanda na kumeza ufuo tulioujua. Wajukuu walipiga picha. Mimi niliangalia upande wa kisiwa alikozaliwa mama, na tangu turudi Nakuru sijatulia. Wacha nikuambie wewe, kwa sababu wao sijawaambia.

Miaka ile ya hamsini baba alikuwa fundi wa reli hapa Nakuru, na sote wanne tuliishi katika chumba kimoja kilichonuka moshi wa makaa. Mara moja kwa mwaka alipewa likizo ya wiki mbili. Mwaka mmoja tulienda kwao baba, Nyanza. Mwaka unaofuata kwao mama, na huko kulikuwa kisiwani, katikati ya lile ziwa lililobanwa na milima pande zote mbili. Tulipanda nyuma ya lori la unga. Njiani askari walilisimamisha, wanaume wakashushwa na kuchuchumazwa kando ya barabara vipande vyao vya utambulisho vikikaguliwa, maana ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Baba aliificha barua yake ya likizo ndani ya kofia, nayo ilikuwa imelowa jasho kila tulipofika. Mama alitubana kifuani mpaka lori lianze kuteremka bondeni, joto litupige usoni, na tulione ziwa, rangi ya chai iliyokosa maziwa.

Mjomba, kaka yake mama, alitungoja ufuoni na mtumbwi wake. Usifikirie mtumbwi wa gogo lililochongwa. Huu ulitengenezwa kwa mti unaoota majini, mwepesi ajabu, vijiti vyake vikipangwa na kufungwa kwa kamba. Maji yaliingia yalivyotaka, ukakaa matako yamelowa safari nzima, lakini hauzami. Mjomba alipiga kasia kwa vibao viwili vidogo kama sahani, kimoja kila mkono. Baba, mtu wa ziwa kubwa na mashua za mbao, kila safari alisimama pale akatikisa kichwa. "Shemeji, hii si mashua. Hii ni kikapu." Naye nyanya aliyetuzalia mama, aliyekuja kutupokea, akishatafsiriwa na binti yake, alijibu vilevile kila safari: kikapu hicho ndicho kilichokuletea mke. Baba alipanda akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Nyanya alituandalia samaki wa kukausha waliochemshwa kwa maziwa, nasi tulimletea sukari, majani ya chai na mkate wa mjini uliopondeka safarini, ambao aliula hata ukiwa makombo. Asubuhi kazi yangu na mdogo wangu ilikuwa kuchota maji, mmoja akichota na mwingine akiangalia mamba. Halafu tuliwaparua samaki, magamba yakatuganda mikononi mpaka jioni. Viboko walikoroma kwenye matete, na baba, aliyelala na treni zikipita dirishani, alilalamika kwamba kelele zao zinamnyima usingizi.

Sasa nisikilize vizuri. Mti ule hunywa maji. Ukitumia mtumbwi siku nne tano, unakuwa mzito, wanaume wawili wanauinua kwa taabu, na ukiuingia na mwenzako maji yanawafika kifuani. Kwa hiyo kila boma lilikuwa na mitumbwi miwili: mmoja kazini, mwingine umelazwa juu ya mawe, unakauka juani wiki nzima. Huo wa juu ya mawe hauguswi. Nyanya alisema, "Aliyelala asiamshwe." Hakutuambia sababu, na mtoto wa mjini usipomwambia sababu, anadhani ni ushirikina.

Mwaka niliotimiza miaka tisa, mjomba alienda kuvua na mtumbwi mzito. Ule wa kuanikwa ulikuwa umebakiza siku mbili. Niliujaribu kwa mkono mmoja, ukainuka. Mimi ndiye niliyesema tuushushe, wala si mdogo wangu. Mdogo wangu alilia akisema nyanya atatuchapa. Tuliufunga kwenye matete, tukauchezea tangu uji wa asubuhi mpaka mbuzi wakarudi. Tulikuwa treni ya Kisumu, mimi dereva, yeye abiria asiye na tiketi. Kisha tukaukokota kurudi kwenye mawe, nikageuza upande mkavu ukatazama juu. Nilijua ninachofanya.

Kesho yake asubuhi nyanya aliamka akishika tumbo, amekunjamana, midomo imekauka. Zahanati ilikuwa ng'ambo, na kutoka ufuoni ni safari ya lori. Majirani wote walikuwa wamevuka na mitumbwi yao kwenda mnadani. Mjomba alitazama mtumbwi wake wa kazi, ukiwa umeshiba maji, akaenda kwenye mawe. Alipoushika ule mwingine alisimama kidogo. Nilikuwa karibu, nikaona viganja vyake vikipapasa upande wa chini. Hakuniangalia. Akauburuta, akamlaza mama yake ndani, akaingia.

Hawakufika mbali. Maji yalimfikia nyanya kifuani, akaanza kutetemeka, na mjomba akageuza. Mama aliingia ziwani na nguo zake zote. "Mbona unarudi? Mbona unarudi?"

"Upepo," mjomba akasema. "Huko mbele kuna upepo. Hatutafika."

Ziwa lilikuwa limetulia tuli. Lakini mama alizaliwa pale, alijua upepo wa nyuma ya kisiwa unavyoweza kukuotea, akaamini. Mjomba aliurudisha mtumbwi juani, nasi tukakaa siku nzima tukiungoja ukauke. Alasiri upepo wa kweli ulikuja, hata majirani hawakuweza kurudi. Walivuka asubuhi iliyofuata, wakampeleka nyanya ng'ambo katika mtumbwi mkavu. Alikufa ufuoni, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama, wakingojea lori. Mimi nilibaki kisiwani na samaki wa kuparua.

Hatukurudi tena kwa likizo. Baba aliomba zamu za ziada, na zikiisha alikaa kwenye ngazi ya nyumba na gazeti la juzi. Hakuna aliyemwita shemeji wala aliyemcheka kofia yake.

Nilipokwisha kuolewa na kupata watoto wawili, nilisafiri peke yangu kwenda kumwona mjomba. Alikuwa anafunga kamba za mtumbwi mpya. Nikamwambia, "Mjomba, ule mtumbwi ni mimi." Ukweli ni kwamba nilitaka anigombeze. Nilitaka hata anichape, mtu mzima nilivyokuwa. Aliendelea kufunga kamba, halafu akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mtoto ya dada, ile ilikuwa upepo. Mimi iko pale. Wewe hapana ona." Akanipa samaki wa kubeba. Yeye naye ameshakufa, boma lao liko chini ya maji, na mawe ya kuanikia yako huko huko. Mdogo wangu anasema hakumbuki kitu. Kwa hiyo hakuna tena duniani mtu wa kunikasirikia, na hilo, rafiki yangu, si nafuu kama unavyodhani.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuwahi kumlaumu mtu. Aliulaumu upepo. Ule upepo wa Nakuru wa mwezi wa pili, unaobeba vumbi jeupe kutoka ziwa la chumvi la hapa, ulipoanza kugonga mabati, aliacha chochote alichoshika, akazunguka nyumba akifunga madirisha na kuutukana kama anayemtukana mtu anayemjua. Nami, kila mara, niliinuka nikamsaidia kufunga.