Jina la Dama na Chombo Kipya cha Kilifi

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Wenzangu wa rika langu mkisikia hivyo mwajua ni mwaka gani, sina haja ya kuutaja. Mvua ilikuwa imekata, mihogo imekauka ardhini, tukaletewa mahindi ya msaada ambayo sima yake ilinuka gunia na kukwama kooni. Tuliila kwa mtsunga, ile mboga chungu ya porini, na tulilamba vidole. Watoto wa leo ukiwapa sima ya jana wanakutazama kana kwamba umetia sumu.

Tulikaa Mnarani. Shule, soko na bohari la unga vilikuwa ng'ambo, Kilifi mjini, na daraja halikuwapo. Kulikuwa na feri ya serikali ya kubeba magari, ikijivuta kama mja mzito, na kulikuwa na mashua ya Mzee Athumani. Mashua moja tu, ya makasia, yenye kunuka lami na papa mkavu, ikivusha watu wasiokuwa na subira ya feri. Nauli ilikuwa nazi, au yai, au salamu nzuri ukiwa huna kitu.

Asubuhi tulivuka kwenda shule, sare zetu zimepauka kwa chumvi, vitabu tumevifunga kwenye leso. Dada yangu Dama, aliyenitangulia kuzaliwa, hakukubali kukaa kwingine ila mbele kabisa, mkono wake akiuburura majini.

"Wewe mke wangu, toa mkono! Papa hajanywa chai!" Mzee Athumani humpigia kelele.

"Akinila mimi, wewe utaoa nani na sura hiyo?" Dama humjibu, na mashua nzima huangua kicheko.

Alikuwa hivyo. Kwenye kuruka kamba hakuna aliyemchosha, kwenye matusi wavulana walimkimbia.

Siku ya mkasa mama alitutuma unga. Tukapewa, tukarudi ufukweni, tukakuta watu wamejaa na magunia yao, kila mmoja ana watoto wenye njaa nyumbani. Mzee Athumani alijaza mashua mpaka maji yakawa yanachungulia ndani. "Bado nafasi ya mmoja!" akasema. Dama akaweka mfuko wa unga kichwani. "Nina mzigo, natangulia mimi. Wewe ngoja hapo, na usicheze na matope."

Katikati ya hori, ule mkono wa bahari unaotutenga na mji, feri ilipita, ikatuma wimbi. Magunia yakateleza upande mmoja, mashua ikalala. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikitazama. Sikuona vichwa vya watu kwanza, niliona unga. Maji yaligeuka njano, mazito, kama uji ulioachwa bila kukorogwa. Wanaume waliruka kutoka kwenye feri, wakavuta mmoja mmoja. Wote walitolewa, ila Dama.

Mama alimtafuta kwenye mikoko akiita, mpaka nyayo zikapasuka. Hakuupata hata mfuko. Na kwetu, mwili usipopatikana hakuna kaburi, na bila kaburi mama alikataa kukaa matanga. Mzee Athumani alileta mbuzi wa matanga analia. Mama akamrudisha mbuzi analia vilevile. Unga wa njano hakuutia tena mdomoni, akalala njaa. Mimi akanitoa shule, maana shule ilikuwa ng'ambo. Masomo yangu yakaishia darasa la tatu.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikazaa binti. Kwetu jina la aliyekufa halitupwi, hupewa mtoto, ndipo mtu anarudi nyumbani. Wanawake walikaa wakisubiri mama amwite mtoto Dama. Mama alimpakata, akamtazama sana, akasema, "Dama hajarudi. Jina lake silitoi." Mtoto akapewa jina jingine. Mama amekufa hajalitoa.

Mzee Athumani alinunua mashine ya mashua. Wanawe wakaongeza boti ya pili, ya tatu. Daraja lilipojengwa watu walicheka wakasema sasa watakula mchanga. Wao wakageukia watalii: leo Bofa, kesho Malindi, muziki juu, kamba wa kuchoma chini. Leo ni kampuni, ina ofisi ya vioo na wafanyakazi wa sare nyeupe. Sikatai, wamefanya kazi. Tena mmoja wa manahodha wao ni mjukuu wangu Kanze, mtoto wa binti yangu yule yule. Akishika usukani wanaume wazima wananyamaza. Alitoka kwangu huyo, semeni mtakavyo.

Juzi Kanze alikuja na mkubwa wake, Fadhili, mjukuu wa Mzee Athumani.

"Shikamoo, nyanya," Fadhili akaniamkia.

"Marahaba. Kaa, kiti hakiumi."

Wamenunua chombo kikubwa kuliko vyote. Kanze, kwa kunionea fahari, alikuwa amewasimulia habari za Dama, na wao wakaona wakiite kwa jina lake.

"Ni heshima, nyanya," Fadhili akasema. "Kila mgeni atamjua."

"Wageni watamjua wakiwa wanakula kamba juu yake?"

Kanze akanishika goti, akaniita nyanya kwa lugha ya kwetu. "Hawe, nimeshawaambia umekubali. Mimi ndiye nitakayekiendesha. Kila siku kitatoka na kila siku kitarudi. Si ndiyo kurudi kwenyewe?"

Hapo alinipata. Tangu mama alipomnyima mtoto wangu jina, hakuna aliyewahi kuniambia tena kwamba Dama anaweza kurudi.

Enzi zetu mashua ilinuka papa, na watu walipofika katikati ya hori baada ya mkasa ule walishusha sauti. Sasa ngoma zinapigwa pale pale, vijana wanavaa vile vizibao vya kuelea kwa ajili ya picha tu, kisha wanavivua wacheze. Hawana kosa. Hawajui wanakanyaga nini.

Kanze machozi yalikuwa yameanza kumtoka, nikamfuta kwa ncha ya leso yangu. "Kitakachorudi ni chombo, mjukuu wangu," nikamwambia. Kisha nikamgeukia Fadhili, nikampa yale maneno ya mama.

"Dama hajarudi. Jina lake silitoi."