Goti Alilolikataa Shangazi Malita

Mafuta ya ng'ombe yakianza kuyeyuka kwenye sufuria yana harufu nzito, ya maziwa yaliyolala na moshi. Wengine wakiisikia wanaona njaa. Mimi naikimbia. Juzi mkwe wangu aliyabandika jikoni amkande mwanawe aliyeumia mpirani, nikatoka nje nikasimama kwenye mahindi mpaka harufu ikaisha. Yeye sikumwambia kwa nini. Ninyi nawaambia.

Kwetu Kilolo, mtu akiteguka bega au nyonga alikuwa haendi hospitali. Alikwenda kwa shangazi Malita, dada mkubwa wa baba. Alikuwa na mikono mipana kama ya mwanamume. Anakupaka mafuta ya moto, anatafuta mfupa kwa dole gumba, huku anakuuliza habari za mbuzi wenu. Ukifungua mdomo umjibu, kraa! mfupa umerudi. Malipo yake kuku mmoja, awe jogoo awe tetea.

Shida ni kwamba mwaka ule yeye na baba walikuwa hawasalimiani. Babu alipokufa aliacha kichaka cha mianzi bondeni, mianzi ya kugema pombe ya ulanzi, na kila mmoja akasema ni chake. Masika yote wakawa wanapishana njiani kama hawajuani. Hata salamu ya "kamwene" hakuna.

Ndipo mdogo wangu Lameki akaugua goti. Alikuwa mtoto wa kupanda juu ya kila kitu, kwa hiyo alipoamka anachechemea tukasema ameanguka mtini, anaficha. Mama akamwuliza, "Ulianguka wapi?" Akasema, "Sikuanguka." Akachapwa kwa uongo. Kesho yake goti limevimba, linang'aa kama boga lililooshwa, na mtoto anatetemeka wakati amelazwa karibu na moto. Hakutaka hata blanketi limguse. Ukimkaribia tu, analia kabla hujafika. Kelele zake nilizizoea. Nilichoogopa ni alipoacha kupiga kelele, akabaki anauma shuka.

Mama akamwambia baba, "Kamwite dada yako."

"Yule? Na maneno yale aliyonisema?"

"Maneno utayajibu mtoto akishapona. Kamwite."

Baba akaenda. Akarudi na shangazi nyuma yake. Mafuta nilikuwa nimeshapasha, kuku amefungwa miguu mlangoni. Shangazi akapiga magoti kando ya kitanda, akanyoosha mkono, lakini hakushika. Aliweka mgongo wa kiganja juu ya goti, kidogo tu, kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto, akauondoa. Akafunua blanketi atazame miguu. Kisiginoni Lameki alikuwa na kidonda cha jipu lililojipasukia lenyewe siku za nyuma, wala hakuna aliyelijali. Shangazi akalitazama, akasimama.

"Huyu simgusi."

Mama akadhani amesikia vibaya. "Wifi, unasemaje?"

"Simgusi. Mtoto wa mwizi, mimi nimkande? Mpelekeni kwa hao wenye sindano, kama baba yake ana ubavu wa kumfikisha Iringa. Najua hana. Atamwita yule mzee mkandaji wa ng'ambo ya mto, amvutevute, basi."

Akamruka kuku, akatoka.

Baba alikuwa mweusi, akawa wa kijivu. "Sina ubavu? Mimi?" Akachukua koti lake. "Mama Eliza, mtayarishe mtoto. Leo hii tunakwenda Iringa. Atanijua!"

Barabarani lori la viazi lilikuwa linamalizia kupakia. Baba akamsihi dereva, tukapandishwa juu ya magunia, mimi na sufuria langu, maana nilichukuliwa nikapike. Kila shimo la barabara lilipita gotini mwa Lameki. Baba alimtukana dada yake njia nzima, na mimi moyoni nilikuwa namsaidia.

Hospitali tulimkuta daktari kijana, mpole, hana haraka ya kusema. Akamshika Lameki paji la uso, akatazama goti, akatazama kisigino.

"Mmelikanda hili?"

"Hapana," baba akasema.

"Mmelivuta? Mmechanja?"

"Nimesema hapana!"

"Basi mmefanya vizuri, mzee. Hajateguka huyu. Uchafu wa lile jipu umeingia kwenye damu, ukaenda kukaa ndani ya goti. Mngelikanda mngemmaliza. Tunalifungua sasa hivi, tulisafishe, halafu sindano, tena nyingi. Lakini sikudanganyi. Kama damu imeshachafuka sana, tunaweza kumkosa."

Wakamchukua. Mama akabaki na shati lake mkononi. Baba hakumtukana mtu tena.

Tulipata chumba Mlandege, hapo hapo mjini, tukakaa mpaka majirani wakatuzoea. Kila asubuhi nilipeleka uji, na kila asubuhi nilisimama mlangoni kwanza, nikakitafuta kitanda chake kwa macho, nione kama bado kina mtu. Sikuvuka mlango kabla sijaona kichwa. Siku moja kichwa kikainuka chenyewe. Akauonja uji akasema, "Eliza, umetia majivu." Sijawahi kusimangwa nikafurahi namna ile.

Alirudi nyumbani anachechemea. Goti halikukunjika sawasawa tena, na mpaka leo akikaa kanisani mguu wake unatokeza njiani, watu wanajikwaa.

Baadaye kidogo mimi na mama tukakutana na shangazi Malita kisimani. Mama hakutaka kumsalimu. Shangazi akatua ndoo. Hakuuliza hali.

"Walitoa usaha?"

"Walitoa," mama akasema.

"Mwingi?"

"Bakuli."

Shangazi akashusha pumzi, akafuta uso kwa khanga. Akajitwisha ndoo yake, akaenda. Mama alibaki amesimama pale pale. "Eliza, habari ya usaha aliipata wapi?" Nikamjibu labda kwa mtu wa lori. Nilikuwa mtoto.

Sasa nimeshika mimi mwenyewe magoti ya watoto na wajukuu, ndipo nimeelewa. Ule mgongo wa kiganja ulimwambia kila kitu. Na angesema kwa upole, "Mpelekeni hospitali," baba angesema ni chuki tu, angemwita yule mzee, na Lameki angevutwa mguu mpaka akafa. Malita alimlea mdogo wake mgongoni, alimjua. Kwa ushauri hatoki ndani, kwa tusi atatembea hata kwa miguu. Akamtukana.

Baba nilimweleza akiwa ameshazeeka sana. Akasema, "Nyamaza wewe," akageukia ukutani, na hakula siku ile.

Shangazi hakujitetea hata mara moja. Amekufa na jina baya, na wapo kule kijijini wanaosema mpaka leo kwamba Malita alimkataa mtoto wa mdogo wake anakufa. Siwabishii. Alimkataa kweli, na Lameki ana wajukuu.